Masha na Wakubwa Wanne

Nilimjua Masha wa Baya kwa miaka mingi, na kama ungeniuliza kabla ya mwaka wa themanini na saba yeye ni mtu wa namna gani, ningekujibu papo hapo kwamba ni mtu anayejua anachokifanya. Siku hizi nikiulizwa husita kidogo.

Mimi ni Mbaruk, fundi wa kushona. Wakati huo cherehani yangu ilikaa barazani kwa Zein, mjini Malindi, mtaa wa Shela. Zein asili yake Faza. Baba yake alikuja Malindi na biashara ya samaki wakavu, na yeye mwenyewe aliuza mikeka na taa za kandili mpaka siku aliyorudi kutoka Mombasa na lori lililobeba mashine tatu za michezo ya kwenye kioo. Zilikuwa mashine zilizokwisha kutumika kwingine, kubwa kama makabati ya nguo. Akaitoa mikeka stoo, akapaka kuta rangi ya buluu, akapaita mahali pale ukumbi. Mashine ya kwanza ilikuwa ya mbio za magari na ya pili ilikuwa ya kutungua ndege za vita. Ya tatu ndiyo iliyomchukua Masha.

Masha alikuwa Mgiriama wa Sabaki, mtu mrefu, mwenye mabega mapana, na kifundo cha mkono wa kulia ambacho hakikunjiki sawasawa. Alilinda goli la timu yetu tangu sabini na mbili hadi sabini na tisa. Zein alimwajiri afungue ukumbi asubuhi, afagie, awape wachezaji chenji, na azuie ugomvi, na kwa hilo la mwisho urefu wake peke yake ulitosha.

Mchezo wa ile mashine ya tatu ulikuwa hivi. Kulikuwa na mtu mwenye rungu, anatembea kutoka kushoto kwenda kulia, safari ya kumtoa ndugu yake aliyefungwa ngomeni. Ulimwendesha kwa mpini mmoja, na palikuwa na batani mbili, moja ya kuruka na nyingine ya kupiga. Ukivuta mpini chini, anachutama. Ulipewa roho tatu. Njia ilikuwa na sehemu nne, na mwisho wa kila sehemu lilisimama jitu moja ambalo vijana waliliita mkubwa. Maadui wadogo wa njiani walikufa kwa pigo moja au mawili, lakini mkubwa alikuwa kazi.

Vijana walipiga ovyo na kufa ovyo. Masha hakucheza mwezi mzima. Alisimama nyuma yao mikono kifuani, akitazama. Nilipomuuliza anatazama nini, aliniambia kwamba anawatazama wakubwa, si wachezaji. Alikuwa akifanya lile lile alilokuwa akifanya zamani. Enzi zake za mpira, Masha alikuwa akienda kuwatazama washambuliaji wa timu nyingine siku zao za mazoezi, hata Kilifi, hata Ngomeni kwenye mchanga. Alijua nani hutazama upande anaopiga na nani hutazama upande asiopiga. Alijua nani huvuta pumzi kwanza. Imani yake ilikuwa kwamba hakuna golikipa mzuri wa watu wote. Kuna golikipa anayejigeuza kwa kila anayemjia.

Basi baada ya mwezi akawa anawajua wakubwa watatu kama anavyowajua majirani. Wa kwanza, aliyeitwa Kipara, hukimbia moja kwa moja na mnyororo mkononi. Huyo humsubiri, ukamruka, ukampiga mgongoni. Wa pili, Wamapanga, hurusha mapanga matatu matatu. Mawili huyachutamia, la tatu, linalopita usawa wa kiuno, huliruka, kisha humsogelea kabla hajarusha tena. Wa tatu walikuwa Mapacha, na hao dawa yao ni kuwazunguka mpaka wote wawili wawe upande mmoja, kwa sababu wakikuweka katikati umekwisha. Wa nne alivaa chuma na kubeba ngao, nao walimwita Mfalme. Huyo hakuna aliyemweza. Masha mwenyewe alimfikia mara nyingi, na aliniambia amemjaribu kwa njia kumi na moja.

Vijana walianza kumwita mwalimu. Mtu akikwama kwa Mapacha alimwita Masha aje asimame kando yake, naye humwelekeza kwa sauti ya chini, bila kugusa mpini. Nadhani ile ilikuwa miezi yake mizuri tangu alipoacha mpira. Alinyoa ndevu, akaniletea mashati mawili niyatengeneze kola.

Khamisa ndiye aliyeyavuruga yote haya, ingawa hakukusudia.

Bi Khamisa alikuwa mama wa makamo, mjane, aliyeuza mahamri na mbaazi mlangoni pa ukumbi. Asubuhi, biashara ikishakwisha, huingia ndani kukaa kwenye kivuli, kwa kuwa ukumbi hufunguliwa kwa wachezaji baada ya adhuhuri. Masha alimheshimu sana. Kila akifika humwamkia shikamoo, naye bibi huitikia marahaba na kumpa mahamri mawili yaliyobaki. Mashine hakuwahi kuzishughulikia. Alizisema tu kwamba zina kelele.

Asubuhi moja, ile mashine ya tatu ilikuwa ikizimika kioo kila baada ya muda. Masha akaisogeza kutoka ukutani, akaingia nyuma kukaza nyaya, na akamwomba bi Khamisa amshikie mpini na abonyeze chochote, ili ajue kama kioo kinawaka. Kulikuwa na ufunguo wa kuifanya icheze bila shilingi. Bi Khamisa akavuta kiti, akakaa, akaanza kubonyeza.

Mimi nilikuwa nimeingia kuchukua maji, nikaona. Alimpeleka yule mtu wa rungu mpaka kwenye kona ya chini upande wa kushoto, akamchutamisha, akabonyeza batani ya kupiga. Mtu akichutama hapigi kwa rungu, hupiga teke la chini. Teke, teke, teke. Maadui wakaja mmoja mmoja konani, wakapigwa teke, wakaanguka. Njia ikijifungua, bi Khamisa anasogea mbele kidogo, anarudi kona, anachutama. Akatokea Kipara na mnyororo wake. Bi Khamisa hakuinua hata jicho. Kipara akakimbilia kona, akala teke, akarudi nyuma, akakimbia tena, akala teke. Akafa.

Masha aliisikia ile sauti ya kufa kwa mkubwa, akatoa kichwa nyuma ya mashine. Akauliza nani amekuja kucheza. Nikamwambia hakuna. Alikaa pale pale, nusu ya mwili nyuma ya kabati, bisibisi mkononi, akamtazama Wamapanga akirusha mapanga yake, nayo yote yanapita juu ya kichwa cha aliyechutama kona. Mapacha walikuja kwa pamoja, lakini kona ina upande mmoja tu, basi wakapangana kama watu kwenye foleni. Kisha Mfalme. Ngao ya Mfalme ilifunika kifua na uso, haikufika miguuni. Teke lilikuwa linampata kwenye kifundo cha mguu, tena na tena, kwa muda ambao mimi ningeweza kutia vifungo shati zima, mpaka akapiga magoti.

Lango la ngome likafunguka na ndugu akatoka. Yakaja maandishi na muziki ambao hakuna mtu Malindi aliyekuwa ameusikia.

Bi Khamisa akauliza kama kioo kimeshapona, maana kidole kinamuuma.

Masha akarudi nyuma ya kabati kukaza nyaya. Baadaye aliponijia barazani alikuwa akicheka, akasema ni bahati, mashine ilikuwa mbovu. Kesho yake akamwomba tena. Bi Khamisa akamaliza tena. Siku ya tatu vile vile. Siku ya nne Masha hakucheka.

Alijaribu mwenyewe. Nilimwona asubuhi kadhaa, amekaa kwenye kiti cha bi Khamisa, mtu wake amechutama kona ile ile. Kwa Kipara alifaulu. Kwa Wamapanga alianza kuyumba. Akifika kwa Mapacha hufa kila mara, kwa sababu akiwaona wanasogea mkono wake unaruka wenyewe, na akishatoka kona amekwisha. Aliniambia mkono haukubali kukaa kimya. Alimuuliza bi Khamisa anafanyaje, na hapo nilikuwepo, nikasikia.

"Mwanangu, wewe unawatazama wao," bi Khamisa alisema. "Mimi natazama kidole changu."

"Na wakibadilika?"

"Hawajabadilika."

Hilo ndilo lililomkaa. Alikuwa akija barazani kwangu na kuliongea kwa pande zote. Je, mchezo wenyewe unataka mbinu nyingi, au hautaki? Kama hautaki, kwa nini waliowatengeneza wakubwa wakampa kila mmoja silaha yake na mwendo wake? Nani hujisumbua kuchora mapanga matatu kama teke moja linatosha? Na kama unataka, mbona bi Khamisa anapita? Nilimwambia labda wamekosea. Akasema labda. Kisha nikajua anafikiri jambo jingine, kwa sababu alikuwa ameanza kukishika kifundo chake cha mkono.

Lazima nieleze fainali ya sabini na tisa. Nilikuwepo, nimesimama nyuma ya goli. Tulicheza na timu ya Kilifi, ikaisha sare, tukaenda penalti. Wakabakiwa na moja, ambayo ingeamua. Mpigaji alikuwa Katana, mshambuliaji wao, ambaye Masha alikuwa amemtazama mazoezini mara tano. Katana hupiga kushoto kwa golikipa. Masha alijua hivyo kama anavyojua jina la mama yake. Katana akaja, Masha akaruka kushoto, na mpira ukapita katikati, polepole, mahali ambapo Masha alikuwa amesimama. Aliangukia mlingoti wa goli, na mkono wa kulia aliokuwa ameunyosha mbele ukavunjika kifundoni. Ulipopona hakuwa golikipa tena. Miaka minane hatukulizungumza.

Sasa alilizungumza. Aliniuliza hivi, akiwa ameegemea mashine yangu ya kushonea: "Mbaruk, ningesimama tu pale, nisingeudaka?"

Nilimwambia ndiyo, angeudaka. Kwa nini nimdanganye? Mpira ule hata mimi ningeudaka. Lakini nikamwambia pia kwamba penalti nyingine tatu siku ile alizidaka kwa sababu aliruka alikojua. Akatikisa kichwa. Hesabu haikumkalia vizuri, na mimi pia nilipojaribu kuifuata ilinichanganya. Kama angesimama kwa zote, angedaka ile ya mwisho na kufungwa zile tatu, na isingefika ya mwisho.

Jumapili iliyofuata alikwenda Kilifi kumtafuta Katana. Hakuniambia anakwenda, aliniambia aliporudi. Katana alikuwa mfanyakazi wa feri pale kwenye mkono wa bahari, yeye ndiye aliyefunga kamba feri ikifika na kuelekeza magari yakiingia. Masha alipanda feri, akavuka naye kwenda Mnarani, akarudi naye, akavuka tena. Katana alimkumbatia alipomtambua, akamtambulisha kwa wenzake kwamba huyu ndiye golikipa ambaye yeye Katana alimwogopa kuliko wote. Masha hakutarajia hilo. Alimuuliza moja kwa moja kwa nini siku ile alipiga katikati.

Haya ndiyo aliyoambiwa, kama alivyonisimulia. Katana alikuwa amesikia kwamba Masha huja kuwatazama. Basi alipouweka mpira chini aliamua asipige kushoto, apige kulia. Kisha akawaza kwamba Masha lazima ameshajua kwamba yeye amejua, kwa hiyo atakwenda kulia. Akarudi kwenye kushoto. Kisha akaona hata hilo Masha amelijua. Refa akapuliza filimbi.

"Ndugu yangu, nilifumba macho," Katana alimwambia. "Sikuuona mpira ukienda. Nilisikia watu tu."

Masha alirudi Malindi akiwa hajui afurahi au asononeke. Alinieleza kwamba njia nzima alitaka kumkasirikia Katana, akashindwa. Kama Katana angekuwa amemzidi akili, angekubali. Kama angekuwa ameteleza, angekubali pia. Lakini mtu aliyefumba macho, unamsoma vipi? Na aliyemfanya afumbe macho ni nani, kama si Masha mwenyewe kwa kwenda kumtazama mara tano? Tena, alisema, bi Khamisa naye hawatazami wakubwa. Je, kuna watu wawili duniani waliomshinda, na wote hawakuwa wakitazama? Alinitaka nimjibu. Nilikuwa na gauni la harusi mkononi, nikaendelea kushona pindo.

Mambo hayakumngoja apate jibu. Habari za bi Khamisa zilikuwa zimeshaenea, na kona yake ikawa si siri tena. Kila kijana akawa anaingia, anakwenda kona, anachutama. Kwa shilingi moja mtu anakaa saa nzima kwenye mashine na wenzake wamepanga mstari nyuma yake, hawachezi, wanachoka, wanaondoka. Mchezo wenyewe ukawa hauna raha hata kuutazama. Nilikuwa nikisikia teke, teke, teke kupitia ukutani tangu adhuhuri. Zein aliona ukumbi unapoa, akatuma ujumbe Mombasa, akaletwa fundi wa mashine, kijana mtaratibu mwenye miwani aitwaye Simeon, mzaliwa wa Kaloleni.

Simeon aliifungua mashine kwa nyuma. Masha alisimama juu yake kama alivyokuwa akisimama juu ya wachezaji. Ndani kulikuwa na bamba lenye nyaya na, pembeni mwake, mstari wa swichi ndogo nane, kila moja si kubwa kuliko punje ya mchele. Simeon akatoa karatasi mfukoni, akasoma, akashika bisibisi nyembamba, akapandisha mbili na kushusha moja. Akaifunga. Kazi yote haikuzidi dakika kumi.

Masha akamuuliza amefanya nini. Simeon akaeleza kwamba mashine ilikuwa imewekwa kwenye kiwango cha chini kabisa, labda na mwenyewe wa kwanza, labda ilitoka hivyo kiwandani. Sasa ameipandisha. Wakubwa watakuwa wepesi zaidi wa mwendo, na hawatajipeleka tena konani kufa.

"Basi mchezo wenyewe ulitaka nini?" Masha akamuuliza. "Njia moja au njia nyingi?"

Simeon akavua miwani, akaifuta kwa shati. Alionekana anataka kusaidia. Akasema yeye amepewa karatasi tu, swichi hii juu, ile chini. Mchezo wenyewe hajawahi kuucheza.

Bi Khamisa akaitwa ajaribu. Akakaa, akaenda kona, akachutama. Kipara alikufa, kwa shida. Wamapanga alirusha mapanga mawili juu na la tatu chini kabisa, ardhini, moja kwa moja konani. Roho ya kwanza ikaenda. Ya pili ikaenda vile vile, kwa panga lile lile. Ya tatu pia. Bi Khamisa hakubadilisha chochote mpaka mwisho, wala hakuonekana kuhuzunika. Alijifunga kanga vizuri, akasema leo hawataki, akatoka kwenda kuswali.

Zein akamwambia Masha acheze yeye. Ukumbi ulikuwa umejaa, na hata mimi niliacha cherehani. Masha alikataa mara mbili, kisha akashika mpini.

Nitasema nilichokiona. Kipara alikimbia upesi kuliko zamani, na Masha akamruka, akampiga mgongoni. Kwa Wamapanga alipoteza roho moja kwa lile panga la chini, kisha akalijua. Mapacha walimtoa roho ya pili, na aliwazunguka mara nne ndipo wakawa upande mmoja. Alikuwa amekunja uso, na jasho linamtoka, na kila mara mkono wake ulifika kabla ya macho yangu kuelewa kwa nini. Vijana walisogea karibu zaidi. Alipofika kwa Mfalme alikuwa na roho moja.

Alianza na kusogea na kurudi. Haikufaa. Akajaribu kumruka. Haikufaa. Kisha akafanya jambo alilokuwa ameniambia zamani kwamba alilijaribu likashindikana: kumkimbilia Mfalme, kusimama ghafla mbele ya ngao bila kupiga, kungoja, halafu kupiga. Zamani Mfalme alikuwa akingoja pia, nyuma ya ngao yake, mpaka wadogo waje kumsaidia. Sasa, kwa kuwa Simeon alikuwa amemfanya mwepesi, hakuweza kungoja. Akaishusha ngao ashambulie, na Masha akampiga usoni. Wakarudia hivyo, yule anaishusha, huyu anapiga, labda mara kumi na tano. Mfalme akapiga magoti, na ule muziki ukaja.

Watu walimshangilia, Zein akampa mkono, na vijana wakambeba mpaka barazani, mtu mzima, mrefu vile. Nilimtazama usoni nikaona hayumo. Walipomshusha alinijia, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Ile njia ilikuwa ya tano," alisema. "Niliijaribu Ramadhani iliyopita, haikufaa. Mfalme alipokuwa mlegevu haikufaa. Amekuwa mkali, ikafaa."

Nikamwambia si basi, ameshinda, na ameshinda kwa mbinu nyingi, kama alivyosema siku zote. Akanijibu kwamba hapana, yeye amemshinda Mfalme kwa mbinu moja, aliyoirudia mara kumi na tano. Hao watatu wa mwanzo ndio waliotaka kila mmoja yake. Na wiki iliyopita wote wanne walitaka teke. Na siku Simeon akirudi na bisibisi, watataka nini? Alikuwa hana hasira, naona ni vizuri niseme hivyo. Alikuwa kama mtu aliyeamka usingizini kwenye nyumba ya wenyeji, anaujua ukuta lakini hajui mlango uko upande gani.

Aliendelea na kazi pale mwaka mmoja na zaidi. Aliwafundisha vijana kama kawaida, ila sasa mtu akimuuliza afanyeje kwa Mapacha, Masha humwambia jinsi yeye anavyofanya, kisha huongeza kwamba huenda kuna njia nyingine. Baadhi yao hawakuipenda nyongeza hiyo. Walitaka kuambiwa moja. Bi Khamisa alijaribu tena siku mbili tatu, akiwa na mahamri yaliyobaki mapajani, kisha akaacha, na asubuhi ukumbi ukarudi kuwa mahali pa kupumzika.

Hewa ya chumvi ndiyo iliyozimaliza mashine. Ya ndege ilizimika kwanza, ya magari ikafuata. Ya tatu ilidumu mpaka katikati ya themanini na tisa, kioo kikiwa kimeingia ukungu wa kijani hata Mfalme hatambulikani na mlango wa ngome yake. Zein akarudi kwenye mikeka. Masha alikaa mwezi mmoja bila kazi, ndipo mwenzake wa zamani wa mpira, aliyekuwa mwalimu katika shule moja huko Kaloleni, akamwita akafundishe magolikipa. Aliuliza kama anaweza. Masha akanijia kuniaga, akasema hajui kama anaweza, lakini anakwenda.

Nilipanda Kaloleni mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, kupeleka jezi walizoniagiza. Niliwakuta uwanjani, mchana, chini ya minazi, magolikipa wawili na wapigaji kama sita. Nikakaa kwenye furushi langu nikatazama. Masha alimwambia golikipa wa kwanza asiruke hata kidogo, asimame mpaka mpira uondoke mguuni. Alipoingia wa pili alimwambia amtazame mpigaji, achague upande mapema, aruke. Wa kwanza alifungwa mbili, akadaka tatu. Wa pili alifungwa tatu, akadaka mbili. Wakabadilishana maagizo, na matokeo yakawa karibu yale yale, ila hayakuwa kwa wapigaji wale wale.

Nilimuuliza tulipokuwa tunakula kwake, wali na kunde, kwa nini anawafundisha vitu viwili tofauti. Alijiongezea kunde. Akasema mmoja alikuwa akiruka kabla hajaona kitu, na mwingine alikuwa hajui kuruka kabisa, basi ameanza hapo. Ataishia wapi hajui. Wanafunzi wamemuuliza ipi ndiyo sahihi, naye amewaambia waendelee kupigiwa.

Nilimwona ana afya. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliniuliza habari za Zein, nikampa. Aliniuliza habari za bi Khamisa, nikamwambia amehamia Faza kwa binti yake, na kwamba nasikia huko nako anauza mahamri.

Masha akaweka kijiko chini. Akasema kuna jambo alitaka kumuuliza bi Khamisa tangu siku ile, jambo moja tu, hakulipatia nafasi. Nikamwambia nina mtu anayesafiri Faza wiki ijayo, aniambie, nimwandikie barua. Nikatoa kalamu, nikatafuta karatasi kwenye furushi, nikapata kipande cha ramani ya kukatia jezi.

Alifikiri sana. Alianza kusema, akasita, akaanza kwa upande mwingine. Mwishowe akasema nimpe salamu tu, lile swali limemtoka.